Sikudhani na Ndoo ya Shule

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Tanga mama yako mdogo amejifungua salama. Unauliza kama wewe kiranja uandike jina la rafiki yako anayechelewa shuleni.

Vilima vya Kibakwe sijaviona miaka mingi, ila lango la shule yetu ya huko nalikumbuka. Nilikuwa kiranja wa wachelewaji. Rafiki yangu Sikudhani alichelewa kila Jumatatu, zamu yake ya kuleta maji ya shule, maana foleni kisimani ilikuwa ndefu. Nikamwandika.

"Andika na ndoo basi, bibi mkubwa!" akaniambia kwa hasira.

Nikaiandika kando ya jina lake: ndoo ya maji ya shule. Mwalimu wa zamu aliposoma, aliweka fimbo chini, akahamishia zamu za maji jioni.

Sikudhani alininunia siku mbili. Ya tatu akanimiminia karanga mkononi.

Mwandike, mjukuu wangu. Lakini muulize kwanza anatoka wapi.

Bibi yako