Kisigino cha Kulia

Tarehe 4 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limekupa nafasi ya kupumua. Mimi sijambo, ila mapaja yananiuma kama nimechapwa.

Chumba changu hapa shamba la farasi kiko juu ya ghala la nyasi kavu. Kina kitanda, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha linaloangalia mazizi. Tangu nifike sijasema mengi zaidi ya "ndiyo" na "asante". Unanijua: nikitaka kusema kitu nakipanga kwanza kichwani, nikimaliza kukipanga watu wameshahamia habari nyingine.

Asubuhi nazoa samadi na kuwapiga brashi farasi wanne. Mchana mwalimu anatufundisha kupanda. Ni mama mrefu, amenyooka kweli kweli, wanamwita Rula. Nimepewa farasi mzee wa kijivu, mpole. Mwenye kasoro ni mimi. Naegemea upande wa kulia, Baba, na sijijui kabisa. Farasi anafuata uzito wangu, anapinda kulia mpaka tunazunguka kama mshale wa saa. Wenzangu wameshanipa jina, Mizani. "Mizani, leo upande huo umebeba kilo ngapi?" Nami nacheka nao.

Mwisho wa Machi Rula atachora mstari wa chokaa uwanjani. Atakayempitisha farasi juu yake mara tatu bila kutoka nje, anaajiriwa. Asiyeweza, anafunga mzigo wake.

Nani anakushika asubuhi kwenda kibandani kushona viatu?

Mwanao.

*

Tarehe 15 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sijambo, goti nalo halijambo, tunavumiliana. Usinifikirie. Fundi saa wa kibanda cha jirani ananishika kwenda na kurudi. Anatembea kama ana haraka ya kuzaliwa upya, lakini tunafika.

Mimi farasi simjui. Hajawahi kuniletea kiatu. Lakini mtu akiegemea upande, kiatu kinajua kabla ya mwalimu. Vile viatu vyako vyeusi vya shule bado unavyo? Nitumie kwa posta. Usivisafishe.

Na hao wanaokuita Mizani, waambie mizani ikiwa mbovu hupelekwa kwa fundi, na fundi wako ni baba yako.

Baba yako.

*

Tarehe 27 Februari

Shikamoo Baba,

Nafurahi kusikia fundi saa anakusaidia. Msalimie sana, mwambie apunguze mwendo. Viatu nimevifunga kwenye gazeti, vimeondoka leo.

Rula amejaribu kila njia. Alinipitishia mpini wa ufagio mgongoni, nikaubana kwa viwiko vyote viwili ili mabega yalingane. Mpini ukalala kulia. Jana akasema, "Fumba macho. Sogea taratibu, uniambie ukishanyooka." Nikasogea, nikasema sasa. Nikafumbua macho: nimepinda kama tawi. Akanishika mabega akaniweka sawa, nikapiga kelele, nikashika shingo ya farasi kwa mikono miwili. Nilihisi naanguka kushoto. "Huanguki," akasema. "Hapo ndipo katikati." Baba, katikati yangu inanitisha.

Chakula nakula na farasi wa kijivu. Kwake maneno hayaniishii. Jioni wenzangu wanakaa kwenye ngazi wanacheka, mimi napita katikati yao kwenda juu, wanasogeza magoti nipite, kisha wanayarudisha.

Niambie viatu vimesema nini.

Mwanao.

*

Tarehe 14 Machi

Shikamoo Baba,

Hali yako? Sijapata jibu. Labda viatu vimepotea njiani, au kazi zimekuzidi. Kila posta ikija nakuta wengine wameshagawana, mimi nabaki nimesimama kama niliyekuja kuuliza njia.

Zimebaki wiki mbili. Bado napinda. Kama unaumwa niambie, nirudi. Sitajuta kuacha farasi.

Mwanao.

*

Tarehe 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi. Nisamehe kwa kukaa kimya.

Viatu vilifika. Nilivipanga juu ya meza, nikavigeuza. Cha kushoto soli imelika kidogo tu, kama ya mtu anayetembea kwa adabu. Cha kulia kisigino kimelika ukingo wa nje mpaka kwenye misumari. Na kisigino hicho nimekibadilisha kwa mkono wangu mara tatu ulipokuwa shule, na kila mara nilikugombeza: "Acha kuburuta mguu!" Wewe ukajibu, "Ndiyo, Baba." Mimi, fundi wa miaka thelathini, nikashindwa kusoma kiatu cha mwanangu.

Hukuwa unaburuta. Asubuhi na jioni, miaka sita, mkono wangu ulikuwa juu ya bega lako la kulia. Mimi nakulalia, wewe unanisukuma nisianguke. Sasa uko juu ya farasi na bado unanisukuma, wakati sipo.

Jambo la pili. Fundi saa alihama mara tu ulipoondoka. Nilikudanganya. Tangu uende nilikuwa nalala kibandani, juu ya mabaki ya ngozi, kwa sababu peke yangu nisingefika nyumbani. Nilipoona kile kisigino nikachonga mkongojo siku hiyo hiyo. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa najifunza kutembea, na nimeanguka mara mbili, mara moja mbele ya wateja. Mmoja akaniuliza kama natafuta sindano. Juzi nimefika nyumbani mwenyewe. Nikakuta buibui wamehamia.

Usirudi. Viatu nakurudishia, visigino vyote viwili vipya. Na siku ya mstari, ukihisi unaanguka kushoto, jiachie. Huo uzito unaouhisi kulia ni mimi. Nishushe.

Baba yako.

*

Tarehe 31 Machi

Shikamoo Baba,

Nilisoma barua yako nimekaa kwenye ndoo, nikaikasirikia, nikaisoma tena. Mwezi na nusu unalala juu ya ngozi, na mimi huku namtumia salamu mtu aliyehama! Usinidanganye tena.

Jana nilivaa vile viatu. Rula alichora mstari. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho nilihisi naanguka kushoto, na mkono ulitaka kushika shingo ya farasi, nikaukataza. Nikajiachia. Nilipogeuka nyuma niliona alama za kwato juu ya chokaa, zimefuatana. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu hakuna aliyesema Mizani. Rula akasema, "Kesho saa kumi na mbili, usichelewe," akaondoka. Hiyo ndiyo ajira.

Nikavuka ua kwenda chumbani. Nilikuwa natembea nimenyooka, Baba, na bega lilikuwa jepesi mpaka nikasimama kuliangalia. Sikuwa na wa kumwambia, ndiyo maana nakuandikia.

Kila siku ukifika nyumbani, hesabu hatua. Niandikie ni ngapi, hata kama huna neno jingine.

Mwanao.

*

Tarehe 9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Leo mia tatu na kumi na mbili. Kulikuwa na mvua. Nilisimama mara moja tu, mlangoni. Nikanyoosha mkono kutafuta bega, nikashika fremu ya mlango.

Kisha nikaingia.

Baba yako.