Kitambaa Chini ya Kompyuta

Igogo, Mwanza

Mama,

Shikamoo. Barua hii naiandika nikiwa nimekaa kitini, lakini moyoni nimepiga goti. Macho yako yanaendeleaje? Na ile mihogo ya mteremkoni, ngedere wamekuachia kidogo? Mimi ni mzima, hata nimenenepa, sangara wa hapa hawana huruma. Baba mdogo anayekusomea barua hii asiruke mstari, maana nina la kuungama.

Ulimtuma shangazi aniulize kama kile kitambaa ulichonifumia bado kinaipendeza kompyuta ya ofisini. Mama, kitambaa chako nusura kinifukuzishe kazi.

Ngoja nikueleze. Hii kampuni yetu ya kununua pamba bado changa. Bosi alileta kompyuta mpya, ndogo, ya kukunja kama kitabu, akanikabidhi mimi niliye kwenye miezi ya majaribio. Nikaitandikia kitambaa chako, kama tunavyoitandikia redio nyumbani. Kila aliyepita alikisifia. Basi yakaanza. Nachapa vizuri tangu asubuhi, ikifika saa nne hivi mashine inaganda. Mshale hauendi, herufi haziji, nabonyeza mpaka vidole vinauma. Naizima, naiwasha, inakwenda kidogo, inaganda tena, na kazi ambayo sikuihifadhi imepotea.

Kila mtu akawa na lake. Mhasibu alisema ni umeme, unapanda na kushuka. Ikaletwa stabilaiza ya kuutuliza, wapi! Mimi nikasema ni wale wadudu wa ziwani wanaoingia kama moshi; nikafunga madirisha, tukatokwa jasho wote, ikaganda vilevile. Masanja, fundi redio wa Mkolani, aliifungua, akaipuliza, akaifunga. "Dada, hii nzima kabisa. Labda haijakuzoea."

Bosi akaichukua, akaitumia mezani kwake siku nzima. Haikuganda hata mara moja! Akanirudishia. "Tabitha, mashine haina ugonjwa. Mwisho wa mwezi ikiwa bado hivi, naleta mtu kutoka Dar, wewe urudi kwa mama." Nilikwenda chooni nikalia. Nilianza kuamini kwamba mikono yangu ndiyo mibaya.

Jumamosi nikakifua kitambaa, kilikuwa na madoa ya wale wadudu. Jumatatu kilikuwa bado kibichi, nikaiweka kompyuta juu ya meza tupu. Ikafika saa nne, saa sita, saa tisa. Inakwenda tu! Jumanne nikakitandika tena, kimepigwa wanga na pasi; saa nne ikaganda. Nikaingiza kiganja chini yake: moto kama chungu kilichoipuliwa sasa hivi. Nikaigeuza, nikaona vitundu tumboni mwake. Mama, hapo ndipo inapovutia hewa, nawe unavyofuma kwa kukaza, hata upepo wa ziwa usingepita.

Sikumwambia mtu. Nilikitia kwenye droo, kwa sababu najua macho yako yalivyoteseka na ule uzi, na sikutaka mtu akicheke. Lakini nikasikia bosi ameshampigia simu mtu wa Dar. Alhamisi nikamwendea na kitambaa mkononi, nikamweleza yote. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakipapasa.

"Nani kafuma hiki?"

"Mama yangu."

"Ana mkono huyo mama." Akaishia hapo, nami sikujua kama nimepona au la.

Jana akaniita nichape barua, yeye anasoma, mimi nafuata. "Kampuni inayo furaha kumthibitisha kazini..." Nikangoja jina la huyo mtu wa Dar. Akataja langu. Mama, safari hii vidole vyangu ndivyo vilivyoganda, mashine ikawa inanisubiri mimi.

Nisalimie baba mdogo, nami namshukuru kwa kusoma bila kuruka. Nisalimie shangazi aliyekibeba kitambaa kifuani njia nzima kisikunjike, na bibi, mwambie dua zake zimefika. Dada mkubwa ampakate mtoto wake mchanga kwa niaba yangu mpaka nije.

Na wewe usiache kufuma. Jioni nikiizima mashine, naiacha ipoe, halafu naifunika kwa kitambaa chako, kwa juu. Asubuhi nakikunja kwanza, ndipo naanza kazi.

Mwanao, sasa mfanyakazi kamili,

Tabitha