Cherehani Niliyoandikishwa Kuwa Nimeipoteza

Bi Salama mpendwa, naomba unisaidie maana nimejiponza mwenyewe na nyumbani naona aibu kusema. Mimi ni fundi nguo, mjane, naishi kijiji kimoja cha kata ya Mtunda, na mwezi uliopita nikiwa mazikoni watu walivunja dirisha wakaniibia cherehani, mwenyekiti wa kitongoji akaja akaliona dirisha, nikaenda kituo cha polisi, afande akanipokea vizuri, akanipa kiti, ila akaniomba tusiandike wizi kwa sababu eneo letu uhalifu umeshuka na kituo kinakaribia kupewa cheti cha pongezi, tukaandika kuwa nimeipoteza, nami kwa kumwonea haya nikatia sahihi. Juzi nikaikuta cherehani yangu sokoni Kibiti, ina alama ya rangi ya kucha niliyoipaka mwenyewe, anashonea fundi anayeitwa Hemedy, nikamwonyesha ile karatasi ya kituoni, akaisoma taratibu akasema, "Dada, hapa umeandika umepoteza. Basi mimi nimeokota." Nikarudi kwa afande, akasema karatasi ikishagongwa muhuri haibadilishwi, kisha akanipongeza kwamba nimechaguliwa kusoma risala Jumamosi siku ya cheti, niwashukuru kwa niaba ya wananchi wanaolala milango wazi. Jirani yangu Mwamini, ambaye naye ameandikishwa kuwa amepoteza mbuzi wanne, ananiambia nikatae, lakini naogopa wakininunia cherehani ndiyo basi tena, na sare za shule za watu zinanisubiri. Nifanyeje?

Muzdalifa

Muzdalifa mwanangu, pole kwa kuibiwa. Kwa kutia sahihi sikupi pole. Cherehani ya chuma, ulidhani ilikudondoka njiani? Huyo afande hakupunguza wezi, amepunguza karatasi, na wewe ukamshikia kalamu. Hemedy naye asijifanye mwanasheria. Kitu cha kuokota hurudishwa kwa mwenyewe, hakishonewi suruali.

Risala usisome. Ukiisoma, utakuwa umetia sahihi mara ya pili, safari hii kwa kipaza sauti. Usingoje Jumamosi. Nenda kituoni na risiti ya cherehani kama unayo, na mwenyekiti wa kitongoji aliyeliona dirisha, na Mwamini kwa ajili ya mbuzi wake. Sema, "Niliandika uongo, nimekuja kuandika kweli," kisha dai namba ya jalada. Wakikuzungusha, mwandikie mkuu wa kituo, halafu aliye juu yake, na nakala ubaki nayo. Wala usiite vijana wakampige Hemedy, maana jalada hilo litafunguliwa siku hiyo hiyo na mshtakiwa utakuwa wewe.

Chemsheni mihogo, bebeni na maji, mkae pale kwenye benchi mpaka waandike.

Bi Salama