Kidole Kimoja Kutoka Ukutani

Kambi ya mafundi, Soga
Mwezi wa Shaabani

Kaka yangu Kondo,

Shikamoo. Barua hii anakuletea mkononi shemeji yake mpishi wa hapa kambini, anayepanda treni kesho mpaka Pugu, kisha atatembea hadi Maneromango. Mpe maji ya kunywa na mahali pa kupumzika. Naomba Mungu ikukute mzima, na ule mguu uliochomwa na kisiki uwe umefunga. Mama je, bado anakohoa alfajiri? Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio mgonjwa.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Umeandika kwamba kazi ya Wazungu imeninogea kuliko mwanangu Mwanahawa, na kwamba watu wa mchumba wanauliza kama binti huyu ana baba. Sikukujibu siku ile kwa sababu ningekujibu vibaya, nawe ni mkubwa wangu. Sasa nakueleza yaliyonikuta, kisha uhukumu mwenyewe.

Unajua niliitwa huku shamba la mkonge kutandika sakafu ya mbao katika nyumba mpya ya meneja. Tulikuwa wawili, mimi na Mzee Salum wa Mlandizi, mtu mzima, mswalihina, tukilala chumba kimoja na kula sahani moja. Mbao zote ni za mvule. Tulizipiga randa mpaka ukipitisha kiganja husikii zilipoungana. Tulipofika pembeni sikuziacha ziguse ukuta. Niliacha uwazi wa kidole kimoja kuzunguka vyumba vyote, kama marehemu baba alivyotufundisha, maana mbao hunywa unyevu wakati wa masika, zikanenepa, na zikikosa pa kwenda hunyanyuka. Kazi ikiisha uwazi huo hauonekani, kwani hufunikwa na ubao mwembamba unaopigiliwa chini ya ukuta.

Kabla hatujauweka ubao huo, mke wa meneja akaja kuangalia. Akauona uwazi, akasema nyoka watapita humo. Msimamizi wetu, Bwana Filipo, alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. Yule bibi alipotoka tu, akanigeukia.

"Ziba hapo."

"Bwana Filipo, nimeacha makusudi. Masika ikiingia..."

"Nani kakuuliza habari za masika? Chana vipande vya mbao, vigongelee humo mpaka vikaze. Hata kisu kisipite."

"Sakafu itanyanyuka, bwana."

"Mfaume, unataka kipande chako kitiwe saini, au hutaki?"

Kaka, hapa sitakuficha. Nilitaka, maana bila saini kwenye ile kadi ya siku za kazi mtu haruhusiwi kuondoka. Zilikuwa zimebaki wiki chache mkataba uishe, na harusi mlikwisha kuiahirisha mara moja kwa ajili yangu. Nikainama. Siku nne nilizunguka kuta zile kwa magoti, nikichana vipande, nikivipaka gundi, nikivigongelea. Kila nilipoinua nyundo nilijua naiharibu kazi ya mikono yangu mwenyewe. Mzee Salum akaniambia, "Nyamaza, mwanangu. Nyumba si yako."

Mvua zikaja. Kwanza mlango wa ukumbini ukagoma kufunguka. Baada ya wiki moja sakafu ikatuna katikati, mbao zikang'oa misumari kwa mlio uliosikika mpaka jikoni. Kabati la vyombo likaanguka, na sahani alizoletewa yule bibi kutoka kwao hazikubaki hata moja nzima.

Meneja akatuita sote. Bwana Filipo akawahi kusema, "Nilimwambia aache nafasi, bwana, akakataa. Huyu ni mbishi."

Nikasema, "Si kweli. Yeye ndiye aliyeniamuru nizibe. Mzee Salum alikuwepo, mwulize."

Meneja akamwuliza. Mzee Salum akatazama vidole vya miguu yake. "Mimi nilikuwa nje napiga randa, bwana. Sikusikia kitu."

Miezi saba sahani moja, kaka! Jioni yake akaniambia, "Mfaume, nina watoto, na wewe unajua Filipo alivyo." Tangu hapo salamu tunapeana, maneno hatuna.

Kipande changu kimefungiwa ofisini mpaka ning'oe mbao zote za pembeni, nizikate, nizirudishe upya. Nikitoka bila hicho kipande nitahesabiwa mtoro, na askari watanifuata mpaka hapo Maneromango wanikamate mbele ya wageni wa mwanangu. Niliomba ruhusa ya siku tatu tu. Nikaambiwa harusi za Waswahili haziishi, nitaiwahi nyingine.

Na jana, nilipokuwa napimia uwazi wa kidole kimoja, uleule wa kwanza, Bwana Filipo alimleta meneja, akamwonyesha, akasema, "Hivi ndivyo nilivyomfundisha." Meneja akamshika bega, akamsifu. Mimi nilikuwa chini, patasi mkononi, kati ya viatu vyao. Nilivitazama vile viatu, kaka, nikamwomba Mungu anishikie mkono wangu.

Basi msiningoje. Mfungo umekaribia, na mchumba wake Mwanahawa, Athumani, anatakiwa kazini kwake Tanga. Kwa barua hii nakupa wewe, Kondo, ndugu yangu wa baba na mama, uwakala wa kumwozesha binti yangu Mwanahawa kwa Athumani, kwa ridhaa yake mwenyewe na kwa mahari mliyokubaliana. Mpe shehe asome maneno haya ya uwakala peke yake mbele ya watu. Shahidi wa kwanza ni mpishi wa hapa kambini, ametia jina lake chini. Wa pili nilimtafuta nikamkosa, kwani wenzetu wengi wamehamishiwa upande wa Ruvu. Mzee Salum akasema, "Niandike mimi." Nilikataa. Kisha nikakubali, kwa kuwa jambo hili ni la mwanangu, si langu. Alama ya dole gumba unayoiona ni yake.

Nisalimie mama, mwambie dua zake nazihitaji. Nisalimie shemeji, na fundi cherehani jirani yetu, na shangazi wa Mzenga akija harusini. Mke wangu Zainabu mwambie nitamwandikia yake, leo sina la kumwambia lisilomliza. Mwanahawa asisikie habari za sakafu. Mwambie baba yake ni mzima na amemwozesha kwa moyo mweupe. Akilia, mwacheni alie, lakini asitokee mtu wa kumwambia kwamba mimi nilipenda kubaki huku. Hata wewe, kaka.

Ni mimi mdogo wako, uliyemhukumu kabla hujamwuliza,

Mfaume