Uji wa Mabakuli

Jumatatu, 5 Mei
Miaka mitatu na miezi miwili tangu nitoke Kyela. Nimekanda udongo tangu saa moja asubuhi. Viganja vimepasuka tena. Baridi imeshaingia huku kusini, Doornfontein, na udongo ukilala karibu na mlango unakuwa kama barafu.

Bosi anatengeneza mabakuli ya chai ya Wajapani. Hatumii gurudumu. Anabonyeza kwa vidole, anachonga kwa kisu, anachoma moja moja mpaka linakuwa jeusi. Alikaa Japani miaka minne kujifunza. Mama yangu anafinyanga kwa vidole vilevile, amekaa chini, na hakwenda popote. Simwambii.

Ameniahidi: baridi ikianza, nitakaa benchi la pili nifinyange, na chini ya kila bakuli nitaweka alama yangu. Nikiupata ufundi huo narudi. Desemba.

Shabani, Mtanga ninayeishi naye chumba kimoja Bertrams, ananiita shangazi. "Shangazi, leo vyungu vingapi?" Kwetu kufinyanga ni kazi ya wanawake. Nyumbani wanajua niko kwenye ujenzi.

Alhamisi, 8 Mei
Kumeharibika. Mwalimu wa chai, mama wa Kijapani anayenunua kwa ajili ya wanafunzi wake, amerudisha mabakuli sita. Yanatoka jasho. Ukitia maji, baada ya muda chini kunalowa. Mkeka wake umeingia madoa. Atakuja Alhamisi ijayo kuangalia mengine.

Bosi anasema kosa ni langu, sikukanda vizuri. Uongo. Udongo uliochomwa kidogo lazima unyonye maji. Nimeitikia tu. Hasira imenishika.

Jumamosi, 10 Mei
Bosi hakuja. Nimepika uji mwembamba wa mchele, nikazamisha matatu kati ya yale sita. Moto mdogo, saa nzima. Nikayaacha yapoe humohumo. Mama anafanya hivyo kwa kila chungu kipya kabla hakijaenda sokoni. Uji unaziba.

Sikuomba ruhusa. Ningeomba angekataa.

Jumatatu, 12 Mei
Mjinga mimi. Sikuosha sufuria. Bosi ameikuta na utando wake, akachukua bakuli, akalinusa, akawa mwekundu mpaka masikioni. "Hii ni sanaa! Siyo sahani ya wali!" Anasema bakuli la namna hii haliguswi na chakula. Mwalimu akikataa tena, nitafute kazi kwingine.

Benchi hakulitaja. Na mimi sikulitaja. Nilitamani kumpiga. Nikaenda kukanda.

Alhamisi, 15 Mei
Amekuja. Mama mfupi, umri wa mama yangu. Amevua viatu mlangoni, na sakafu yetu ni vumbi tupu.

Bosi alipanga mabakuli mapya kumi mezani. Yale yangu matatu aliyasukuma nyuma kabisa ya rafu. Mwalimu akatia maji ya moto, akasubiri. Mapya yakalowa chini, moja baada ya jingine. Bosi akaanza kueleza mambo ya moto na majivu. Mwalimu hakumsikiliza. Akanyoosha kidole kwenye rafu.

Akayatia maji yale matatu. Akasubiri muda mrefu. Akafuta chini kwa kitambaa cheupe. Kikavu. Akasogeza pua kwenye bakuli, akacheka kama msichana. "Mchele! Bibi yangu alikuwa anafanya hivi. Nani amefanya?"

Bosi akasema, "Mimi. Nilijifunza kule kwenu."

Mwalimu akainama. Bosi akainama. Mimi nilikuwa hatua mbili pembeni, tambara mkononi. Ameondoka na yote matatu, ameagiza thelathini.

Ijumaa, 16 Mei
Najichukia. Neno moja lilitosha. Kiingereza cha kusema ni mimi ninacho.

Nilinyamaza kwa ajili ya benchi. Nilidhani akiona nimemsitiri atanikalisha. Nimemweleza Shabani. Amecheka mpaka akashika ukuta. "Eish, shangazi! Umepika uji, kala mwingine, na wewe ndiye unayeosha sufuria!" Sijacheka.

Jumatatu, 19 Mei
Nimeuliza. Nimevua kofia kabisa nikauliza.

Benchi limepata mtu. Mama mmoja mstaafu, alikuwa wakili, anakuja kujifunza kwa kujifurahisha. Mbwa wake analala chini ya benchi. Bakuli lake la kwanza limepinda kama kiatu cha zamani. Bosi kamwambia kupinda ndiko uzuri wenyewe. Alama yake tayari imechongwa. Ua.

Mimi nimenunuliwa sufuria. Kubwa, nzito, inaingia mabakuli manane. Bosi amenipiga bega. "Kazi hii nakuamini wewe tu. Sharp?"

Nimesema sharp, sawa. Mchana kutwa nimemwangalia yule mama akibonyeza udongo nilioukanda mimi. Anaubonyeza kama anaogopa utamuuma.

Jumatano, 21 Mei
Mabakuli kumi na sita yamepita kwenye uji. Hakuna linalovuja. Sina la kuandika.

Jumapili, 25 Mei
Nimefua. Jua lilikuwa zuri, Shabani kalala kutwa baada ya zamu yake ya ulinzi.

Nimempigia mama. Sijui kwa nini nimemwambia ukweli. Kwamba hakuna ujenzi. Kwamba napika uji wa vyungu. Amecheka mpaka akakohoa. Akauliza uji wa nini. Wa mchele. Akasema unafaa, ila nisiuache uwe mzito, utaacha harufu.

Tumezungumza hivyo muda mrefu, mambo ya moto na udongo. Hatujawahi.

Mwisho akauliza narudi lini. Nimesema wakati wa kuvuna mpunga. Kule wanavuna sasa hivi. Hakuuliza wa mwaka gani.