Mlio wa Alfajiri Katindiuka

Jumatatu, 7 Aprili

Maziwa yamerudishwa. Nimefika kituo cha kupozea maziwa saa tatu kama kawaida, baada ya kumwogesha mama na kumnywesha uji. Dereva wa kiwanda alishayapima kwa spiriti, yakaganda, akageuza gari. Wafugaji wa kikundi wamesimama mvuani na madumu yao. Wananiangalia mimi, fundi wao.

Nimefunga geji. Presha ya juu sawa, ya chini sawa. Kompresa inanguruma vizuri, tangi linapoa. Mama Kulwa, mwenyekiti wao, ndiye anayefungua kituo alfajiri na kupokea maziwa. Anasema saa hizo inagonga, kama imemeza changarawe. Mimi sijasikia kitu. Nimeichukia hii mashine leo.

Jumanne, 8 Aprili

Hakukunyesha. Maziwa yamepokelewa. Nimefurahi kama saa moja hivi, halafu nikaanza kujiuliza nimerekebisha nini. Sijarekebisha kitu. 

Jumatano, 9 Aprili

Mvua imeshuka tena kutoka Udzungwa. Yamerudishwa tena. Dereva kasema ikitokea mara nyingine, gari litakuwa linaishia Kidatu, huku halifiki. Hakusema kwa ubaya. Afadhali angesema kwa ubaya.

Mchana nimechukua grenda nikapasua kompresa mbovu ya zamani hapa kwenye banda langu, nione ndani kwa macho yangu. Mikunjo miwili ya chuma imeingiliana. Mmoja umetulia, mwingine unazungushwa, gesi inabanwa kuelekea katikati. Gesi hiyo inataka kuitenganisha. Na kinachoishikilia ni gesi hiyohiyo: kitundu kidogo kinaipitisha nyuma ya bamba lenye mkunjo mmoja, ilisukume lisibanduke. Ikisukuma mno, vyuma vinasuguana na umeme unaliwa bure. Ikisukuma kidogo, bamba linaachia, gesi inavuja, mashine inazunguka bila kazi. Ni kama mfuniko wa sufuria uliowekewa jiwe. Shughuli yote iko kwenye uzito wa jiwe.

Sasa hili jiwe la Katindiuka linapungua uzito alfajiri, na likiniona mimi, Sabina, linaurudisha. Nieleweje?

 

Alhamisi, 10 Aprili

Kikao. Walitaka neno moja kutoka kwangu. Wengi wao ni Wasukuma waliokuja na ng'ombe, watu wa kusikiliza mpaka umalize. Nilizunguka sana. Mzee mmoja akauliza taratibu, "Kwa hiyo, fundi, ni nzima au imekufa?"

Nikasema kompresa imechakaa ndani. Ningesema nini? Mlio, maziwa ya moto, kila kitu kinaelekea huko. Wakakubaliana hapohapo: Jumamosi mitamba iende mnadani, inunuliwe kompresa mpya. Mama Kulwa akawa wa kwanza kutoa wake. Mtamba mzuri, mweusi, ndio kwanza ana mimba.

Mitamba itauzwa kwa neno langu, na mimi sina uhakika. Je, wakinunua mpya nayo ikagonga?  

Lazima nikausikie huo mlio mwenyewe. Nimemwomba jirani ashinde na mama asubuhi.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Nimefika Katindiuka kabla hakujapambazuka vizuri, baiskeli imejaa tope, miguu imekufa ganzi kwa baridi. Wakamuaji wa kwanza walishamimina maziwa. Mlio nimeusikia toka barabarani. Changarawe, kweli.  Nikajua imekufa.

Nikazunguka nyuma. Mama Kulwa amefunga kitenge kifuani, amesimama na ndoo, anaimwagia maji kondensa, ile inayotoa joto nje. Anamimina polepole, kila upande, kama anamwogesha mtu.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Naipoza. Si ulituambia adui yake ni joto?"

Nilisema. Desemba, jua likiunguza, nilimwambia maziwa yakiingia aimwagie maji ipumue. Ikasaidia sana, nikamsifu mbele ya watu. Sikumwambia aache lini. Naye hajaacha hata siku moja.

Nikakaa kwenye dumu. Maziwa yanayotoka kwa ng'ombe yana moto, yanapandisha presha ya chini. Maji na baridi ya mvua vinashusha ya juu. Presha hizo mbili zinakaribiana, gesi haisukumi vya kutosha: jiwe linakosa uzito, bamba linaachia na kugonga. Nikija saa tatu pamekauka, kumepata joto, jiwe limerudi. Mashine ni nzima.

Nimekausha kondensa kwa gunia, nikazima feni kidogo. Geji ya juu ikapanda. Mlio ukakatika wenyewe. Mama Kulwa akabaki na ndoo mkononi.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema.

Nikamwambia ni mimi. Akatikisa kichwa, hakukubali. Maziwa ya leo yamepita, lakini tumelisubiri gari roho juu.

Jioni nimewaambia wanakikundi: nilitoa agizo la kiangazi, nikalisahau masika. Mwenzenu alinitii tu. Yule mzee akacheka mpaka akakohoa. Nimeona aibu, na nimeona raha. Mnadani hakuendi mtu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Maziwa yamepokelewa. Nimelala mchana kutwa.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimekwenda alfajiri tena, kusikiliza tu. Ngurumo ileile tulivu. Nimemwonyesha Mama Kulwa bomba la kushika: likiwa la uvuguvugu, aiache, jua likiwaka na bomba likichoma, ndipo amwage maji. Ameshika, akatulia, akashika tena.  Amenipa maziwa nimpelekee mama, bado yana moto.

Nilipokuwa napandisha baiskeli barabarani nimemwona yule mtamba nyuma ya kituo. Kamba ya kumpeleka mnadani bado iko shingoni. Anakunywa maji kwenye ile ndoo.