Ubaridi wa Pipa

3 Machi

Mwanangu mwalimu,

Hujambo? Watoto wa shule wanakusikiliza? Sisi wazima, ila mimi nina hofu. Tangu nianze kuchanganya mbolea hapa bustanini, nikimimina yurea kwenye maji, pipa linakuwa baridi hadi linatoa jasho, na jua linawaka. Aliyefanya kazi hii kabla yangu alikufa, na wenzangu wananong'ona kwamba pipa linanyonya uhai. Vidole vinakufa ganzi. Wewe unafundisha kemia. Niambie ukweli, hata ukiwa mchungu.

Baba yako

11 Machi

Baba, shikamoo.

Ondoa hofu, pipa halina mtu ndani. Ili chembe za mbolea ziachane zinahitaji joto, nazo hulichota kwenye maji. Hesabu ya joto hilo tunaiita enthalpia. Utauliza, mbona zinakubali hasara? Kwa sababu zikitawanyika zinapata uhuru, na mtawanyiko huo, yaani entropia, unafidia hasara na kuzidi. Ukipima yote mawili pamoja unapata nishati huru. Ikishuka, kitu kinayeyuka bila kulazimishwa. Kwa kifupi, kitu kikiyeyuka kinakula joto, basi. Vaa glavu, ulale.

Binti yako

17 Machi

Marahaba mwanangu,

Nimelala fofofo. Sasa natamba kazini: kitu kikiyeyuka kinakula joto, basi. Jirani yetu fundi sabuni anaiogopa kostiki yake mpya, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni, nami nimemcheka. Jumamosi hii nitamyeyushia. Nitaimiminia maji ndani ya ndoo, niikumbatie, aone inavyopoa.

Baba yako

24 Machi

Baba, shikamoo.

Barua yako imefika leo, na simu yako haipatikani. Usiiguse kostiki. Nilisema vibaya. Maji yakizishika chembe zake hutoa joto jingi kuliko lile lililotumika kuziachanisha. Ukiimwagia maji itachemka na kukurukia usoni. Lakini leo Jumatatu, Jumamosi imeshapita. Niandikie hata neno moja, kwa mwandiko wako.

Binti yako

29 Machi

Mwanangu,

Mwandiko ni wa mama yako. Mimi nasema, yeye anaandika. Barua yako amenisomea hapa hospitalini. Mikono itapona, wanasema. Macho wameyafunga, watayafungua Ijumaa.

Niliikumbatia ndoo, nikasikia joto, nikajiambia nisubiri kidogo, ubaridi unakuja, mwanangu amesema. Sina hasira na wewe. Ila naogopa kuliko nilivyoliogopa pipa.

Njoo Ijumaa. Nikiuliza kwa nini hawajawasha taa, usinieleze kitu. Nishike tu bega.

Baba yako